Haloperidoli, risperidoni, olanzapini au sindano ya mwezi? Kuchagua dawa ya saikosisi ukiwa Uganda

Shangazi alinipigia simu kutoka Koboko saa moja asubuhi, hata salamu hakutoa. "Mwanangu, shingo ya kijana imepinda. Macho yamegeukia juu, ulimi unatoka. Majirani wanasema amelishwa sumu." Nikamuuliza anameza dawa gani. Haloperidoli, siku ya pili. Nikamwambia ampakie kwenye boda, akae nyuma yake amshike, waende kituo cha afya akachomwe sindano ya promethazini ya kuilegeza shingo, na pakiti ya dawa aende nayo mkononi. Saa tatu shingo ilikuwa imenyooka.

Jioni akapiga tena, ametulia, sasa ana swali. Mwenye duka la dawa kamwambia haloperidoli ni ya kizamani, anunue olanzapini. Muuguzi kamtajia sindano ya mwezi. Jirani ana mtoto anayetumia risperidoni na kijana yule anafanya kazi zake vizuri. "Wewe ndiye unashinda na wagonjwa hawa. Niambie ipi nzuri."

Nimekaa miaka mingi kwenye kliniki za akili huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na swali hilo nimelisikia kwa Kilugbara, kwa Kinubi, kwa Kiswahili cha sokoni. Watu huuliza kama wanavyouliza pikipiki: ipi ina nguvu? Kwa kazi yenyewe ya kutibu saikosisi, yaani kunyamazisha sauti anazozisikia mgonjwa peke yake na kuondoa ile hofu ya kwamba watu wanamfuatilia, dawa za kawaida zinakaribiana sana zikitolewa kwa kipimo sahihi. Zinapoachana ni pale zinapougusa mwili, na pale zinapopatikana au kukosekana mwezi ujao. Marekani walifanya utafiti mkubwa uitwao CATIE, matokeo yakatoka 2005. Wagonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa wa saikosisi ya muda mrefu, karibu 1,500 waligawiwa dawa tofauti, mpya nne na ya zamani moja. Ndani ya miezi 18, asilimia 74 walikuwa wameacha au wamebadilishiwa dawa waliyoanza nayo. Ile ya zamani haikuachwa mbali na wenzake. Olanzapini ilidumu zaidi kidogo midomoni mwa wagonjwa, na ndiyo iliyowanenepesha kuliko zote.

Kwa hiyo mimi huanza na swali jingine: huyu mgonjwa, kwa kazi yake na mwili wake, ataweza kuvumilia adha ipi?

Wazee wawili: kloropromazini na haloperidoli

Hizi ndizo utakazozikuta kwa urahisi zaidi kwenye vituo vya serikali, bila malipo. Kloropromazini, ambayo wengine bado wanaiita Largactil, ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili Paris mwaka 1952. Haloperidoli iligunduliwa Ubelgiji mwaka 1958 kwenye maabara ya Paul Janssen. Butabika, hospitali yetu ya taifa ya akili kule Kampala, ilifunguliwa 1955, kwa hiyo hospitali na dawa hizi ni watu wa rika moja.

Kwanza niondoe kosa moja ninaloliona kila mwezi. Kidonge cha kloropromazini kimeandikwa 100, cha haloperidoli kimeandikwa 5. Familia huona 100 ni kali na 5 ni ya mtoto. Ni kinyume. Miligramu 2 hivi za haloperidoli hufanya kazi ya miligramu 100 za kloropromazini. Baba mmoja aliwahi kumpa mwanawe vidonge vinne vya haloperidoli kwa mpigo "ili vifike 20 angalau". Kijana akakakamaa kama gogo.

Kloropromazini inalaza. Kama mgonjwa hajalala siku nne na anazunguka uwanjani akihubiri, usingizi huo ni neema. Lakini mwezi wa pili, anapotakiwa kuendesha boda au kushika panga shambani, usingizi ule ule unakuwa hatari. Inashusha presha pia: akiamka ghafla kitandani kizunguzungu kinamwangusha. Inakausha mdomo, inafunga choo. Na inafanya ngozi iungue na jua kwa urahisi, jambo ambalo wanaoandika maelezo ya dawa hulipa mstari mmoja, ila kwa mtu anayelima Adjumani au Moyo ni habari kubwa. Kofia pana na mikono mirefu, la sivyo uso utababuka.

Jingine: inaweza kuchokoza kifafa. Kaskazini yetu kifafa ni kingi, na kule Kitgum na Pader kuna familia zinazoujua ugonjwa wa kutikisa kichwa kwa machungu. Mtu mwenye kifafa akipata saikosisi, kloropromazini huwa chaguo langu la mwisho kati ya hizi za kawaida. Haloperidoli au risperidoni kwa kipimo kidogo huwa salama zaidi kwake, na dawa ya kifafa isisimame.

Haloperidoli hailazi sana, haishushi presha kwa kiasi hicho, haiunguzi ngozi. Adha yake iko kwenye misuli, nayo huja kwa sura nne ambazo kila anayetunza mgonjwa anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni ile iliyompata binamu yangu: shingo, taya, ulimi au macho kukazika katika siku za mwanzo, zaidi kwa vijana wa kiume. Inatisha lakini inatibika haraka, kwa sindano au kwa vidonge vya benzeksoli, ile Artane. Usimfunge kamba, usimpeleke kuombewa kwanza. Na kama taya au koo vimekaza hadi anapumua kwa shida, kila dakika ina thamani.

Ya pili inadanganya watu. Mgonjwa hawezi kukaa. Anatembea, anarudi, anasimama, anapiga miguu chini, usiku kucha. Ndugu wanasema "kichaa kimerudi", wanaongeza dawa, na hali inazidi. Muulize mwenyewe: "Ni mawazo yanayokusumbua, au ni miguu?" Wengi hujibu bila kusita: miguu. Hapo dawa inapunguzwa au inabadilishwa. Msilichukulie kwa wepesi, kwa sababu mateso hayo yamewahi kuwasukuma watu kutaka kujiua.

Ya tatu huja kwa wiki na miezi: mwendo wa mzee, uso usiocheka, mikono inayotetemeka. Ya nne huja baada ya miezi mingi au miaka, midomo na ulimi vikitafuna hewa bila mwenyewe kutaka. Hii ya nne wakati mwingine haiondoki hata dawa ikiachwa, na ndiyo sababu kipimo kidogo kinachotosha ni bora kuliko kikubwa cha tahadhari.

Kipimo, basi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaanzisha haloperidoli kwa miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku na kupanda taratibu. Binamu yangu alianzishiwa 10 asubuhi na 10 jioni, huko alikotibiwa kwanza. Miligramu 20, kwa kijana wa kilo 58 ambaye hajawahi kumeza dawa hiyo maishani. Nusu ya jina baya la haloperidoli, kwa maoni yangu, limetokana na mikono yetu sisi tunaoiandika.

Vijana wawili: risperidoni na olanzapini

Risperidoni iliidhinishwa Marekani 1993, olanzapini 1996, kwa hiyo "mpya" ni neno la heshima tu. Hupatikana zaidi hospitali za rufaa za mikoa kuliko vituo vidogo, na hata huko rafu hukauka. Familia nyingi huishia kununua. Kabla ya kuanza, fanya hesabu ya mwaka mzima, si ya wiki mbili. Nimeona ng'ombe akiuzwa kwa miezi mitatu ya olanzapini, kisha mgonjwa akabaki bila kitu.

Risperidoni naiona kama njia ya katikati. Kwa miligramu 2 hadi 6 kwa siku, misuli husumbuka kidogo kuliko kwa haloperidoli. Ukivuka 6, tofauti inaanza kupotea. Uzito huongezeka kiasi. Tatizo lake liko kwenye homoni ya maziwa. Wanawake hukosa hedhi, wengine matiti hutoa maziwa hali hawanyonyeshi. Wanaume hamu ya tendo la ndoa huzimika, na wachache matiti huvimba. Haloperidoli na sindano za zamani nazo hufanya hivyo, ila risperidoni imezidi.

Nalirefusha hili kwa sababu halisemwi. Msichana wa Yumbe aliletwa kwetu na mama yake akiwa na alama za fimbo, hedhi imekatika miezi mitatu na nyumba nzima imeamua ana mimba. Kipimo cha mkojo kikasema hana. Na kwa wanaume, ukiona kijana aliyeoa ameacha dawa kimya kimya na hataki kusema kwa nini, mtoe pembeni, wewe na yeye, umuulize chumbani kukoje. Inawezekana kupunguza au kubadilisha. Lakini angalizo: mwanamke akihamishwa kutoka risperidoni kwenda olanzapini, hedhi hurudi na uwezo wa kushika mimba hurudi nayo. Aambiwe kabla, apange uzazi kama anataka.

Olanzapini ni tulivu kwa misuli na inaleta usingizi mzuri usiku. Inapokewa vizuri wiki za mwanzo, mama mmoja aliniambia, "Sasa anakula kama mtu." Ndiyo, anakula. Sahani ya pili ya ugali wa muhogo, kisha ya tatu, kisha anaamka usiku kutafuta kiporo. Uzito unapanda kwa kasi, sukari na mafuta ya damu vinafuata. Kama kwenu kuna kisukari, fikirieni mara mbili. Pima uzito siku ya kwanza na sukari pia. Mkikosa mizani, chukua kamba, zungusha kiunoni usawa wa kitovu, funga fundo, itunze kamba hiyo. Mwezi ujao itasema.

Kisha kuna tumbaku, zao letu la West Nile. Moshi wake huharakisha ini kuivunja olanzapini, kwa hiyo mvutaji mkubwa hupata dawa pungufu kuliko kidonge kinavyosema. Akiacha kuvuta ghafla, tuseme amelazwa wodi isiyoruhusu sigara, dawa hupanda mwilini na anaanza kusinzia mchana. Daktari lazima ajue idadi ya sigara kwa siku. Haloperidoli na risperidoni hazisumbuliwi na moshi kwa kiasi hicho.

Kidonge cha kila siku au sindano ya mwezi

Flufenazini, wengi wanaijua kama Modecate, huchomwa takoni kila wiki mbili hadi tano, kwa kawaida nne. Hakuna ugomvi wa asubuhi juu ya kidonge, hakuna vidonge vilivyofichwa chini ya ulimi. Kwa mkimbizi anayeishi Bidi Bidi leo na wiki ijayo yuko kwa ndugu Arua, au kijana anayelala machimboni, tarehe moja kwa mwezi ni rahisi kuishika kuliko siku thelathini.

Ubaya ni kwamba ikishaingia haitoki. Kidonge kikikudhuru unaacha leo. Sindano inaendelea kutoa dawa kwa wiki kadhaa. Adha za misuli ni zile zile za haloperidoli. Kwa hiyo asianze na sindano mtu ambaye hajawahi kuonja jamii hii ya dawa. Hutangulizwa vidonge, kisha sindano ndogo ya majaribio ya miligramu 12.5, ndipo kamili. Na tena, mafuta yanayoibeba dawa hiyo ni ya simsim. Ndiyo, hii tunayolima na kusaga. Mwenye mzio wa simsim aseme mapema, maana hakuna atakayemuuliza.

Mimi huipendekeza kwa anayeipenda. Sindano ya kulazimishwa kila mwezi hugeuka vita, na siku mgonjwa atakapopata nguvu ya kukimbia, atakimbia.

Kuhusu klozapini, kwa ufupi: ndiyo pekee iliyothibitika kuzishinda nyingine pale dawa mbili zimeshajaribiwa kwa kipimo na muda wa kutosha zikashindwa. Lakini inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu; mwaka 1975 iliua watu Finland kwa njia hiyo. Inataka damu ipimwe kila wiki kwa wiki 18 za kwanza, na baadaye isiachwe kupimwa. Kama maabara iko mbali nanyi, msiianze kwa kununua dukani.

Hatari zisizochagua dawa

Moja inaua na inafanana na malaria. Mwili unachemka, misuli inakuwa migumu kama mbao, jasho, akili inachanganyikiwa, moyo unakimbia. Huku kwetu joto la mwili likipanda kila mtu anasema malaria, anatafuta Coartem, anasubiri. Pima malaria, sawa, lakini mgonjwa wa dawa hizi mwenye homa na mwili mgumu asipewe dozi nyingine ya dawa ya akili hata moja mpaka aonwe hospitalini, siku hiyo hiyo.

Malaria pia hudanganya upande wa pili. Mtu mzima wa akili timamu jana, leo anaongea ovyo na ana homa: huyo apimwe damu kabla ya kuitwa kichaa. Malaria ikipanda kichwani, haloperidoli haitaitibu. Na kama anayetumia haloperidoli amethibitika ana malaria, atibiwe, ila mwandika dawa aambiwe, kwa sababu Coartem na haloperidoli zote zinaweza kugusa mapigo ya moyo, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo tayari.

Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hushusha haloperidoli na risperidoni mwilini; kabamazepini ya kifafa hufanya hivyo pia. Baadhi ya dawa za VVU, zile zenye ritonavir, hupandisha risperidoni. Unaona kwa nini kadi zote ziende kliniki moja. Waragi, pombe yetu kali, na dawa hizi ni usingizi juu ya usingizi. Mairungi nayo inachochea kile dawa inachozima.

Mzee aliyesahau majina ya wanawe na anapiga kelele usiku si mgonjwa wa dawa hizi. Kwa wazee wenye kupoteza kumbukumbu zimeonekana kuongeza vifo, na Marekani ilitoa onyo hilo 2005 kwa zile mpya, 2008 kwa za zamani. Mama mjamzito asiache ghafla kwa hofu. Saikosisi iliyorudi inaweza kumdhuru yeye na mtoto kuliko dawa. Akae na daktari mapema.

Na benzeksoli isigeuke chakula cha kila siku. Inapewa adha ya misuli ikitokea, kwa muda. Inafunga choo, inachanganya wazee, na kuna vijana wanaoipenda kwa sababu nyingine.

Nilimjibuje shangazi

Nilimuuliza maswali yangu. Kijana anafanya nini? Anaendesha boda, hivyo kloropromazini nikaiweka pembeni. Anavuta? Pakiti kwa siku, na baba yake alikufa na kisukari. Olanzapini nayo ikapoteza mvuto, mbali na bei yake. Ana mke? Anaoa Desemba. Risperidoni ingewezekana, ila kituo chao hakiletewi, na Arua ni nauli. Sindano? Kijana mwenyewe kasema hataki hata kuisikia, na baada ya shingo ile simlaumu.

Ikabaki haloperidoli ile ile iliyompinda. Shangazi akanyamaza kidogo. "Unanirudisha kwenye sumu?" Nikamwambia amrudishe kwa afisa tabibu wa magonjwa ya akili, siku ambayo kliniki hukaa, na aulize kama inawezekana kushuka hadi nusu kidonge jioni, miligramu 2.5, akaangaliwa wiki mbili. Sauti hazikatiki siku moja. Utulivu huja mapema, lakini mawazo yenyewe huchukua wiki kadhaa, nne hadi sita ndipo useme dawa imeshindwa. Zikikatika, ameze angalau mwaka mzima baada ya kupona, asiache peke yake.

Afisa alikubali, akamwongezea vidonge sita vya benzeksoli vya akiba. Jana shangazi kanitumia picha ya kalenda ya ukutani, ile ya duka la mbegu, ikiwa na alama za kalamu nyekundu siku kumi na tisa. Benzeksoli amekula mbili. Chini ya picha kaandika kwamba kijana bado anasikia mtu akimwita jina jioni, lakini siku hizi haitiki.